Safari ya Diani ni saa moja, malaria hungoja wiki

Ukiabiri ndege katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, baada ya saa moja na dakika chache utatua Ukunda, na muda si muda umekanyaga mchanga wa Diani. Kwa basi, kilomita 480 hivi hadi Mombasa pekee huchukua saa 8 au zaidi. Ndege imeifanya safari kuwa fupi mno hata wengi hawaihesabu kuwa safari.

Bwana mmoja alinijia akiwa na homa kali, kichwa kikimuuma na viungo vikimlegea. Siku tatu alikuwa akimeza dawa za mafua. Nilipomuuliza kama alisafiri, alikataa. Mkewe ndiye aliyekumbuka: wiki mbili zilizopita walikuwa Diani, usiku mbili. "Hiyo si safari, daktari, ni saa moja tu," akasema. Damu yake ilijaa vimelea vya malaria. Alilazwa, akapona, lakini alikuwa amechelewa.

Kwa nini homa haikumshika akiwa pwani? Mbu wa malaria anapokuuma, vimelea hukimbilia ini na kujificha humo kwa muda wa wiki moja hivi. Wakati huo husikii lolote, na hata damu ikipimwa haionyeshi kitu. Kisha hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, ndipo homa inapoanza. Kwa kawaida ni siku ya 7 hadi ya 14 baada ya kuumwa, na mara nyingine hata baada ya mwezi au zaidi. Kufikia hapo umekwisha kurudi kazini.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Baridi yake huchelewesha vimelea kukua ndani ya mbu, kwa hiyo mkazi wake hana kinga mwilini. Mtu aliyekulia Msambweni, akiumwa na mbu tangu utotoni, hupata kinga kiasi. Lakini wewe mzaliwa wa Kwale uliyekaa Nairobi miaka mingi, usijigambe kwamba malaria ya kwenu haikuwezi. Kinga hiyo hupungua.

Ufanye nini?

Kabla ya kuondoka, muulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia malaria, hasa kwa mama mjamzito na watoto wadogo. Klorokwini ya zamani haifai tena, kwani vimelea vimeizoea. Dawa utakayopewa usiikatize ukishuka ndege Nairobi: nyingine huendelea siku 7 baada ya kurudi, nyingine wiki 4. Sababu ni vile vimelea vilivyojificha.

Ukiwa huko, lala ndani ya chandarua chenye dawa. Jioni vaa nguo za mikono mirefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu, kwani mbu huyu huuma kuanzia machweo hadi alfajiri.

Ukirudi, andika tarehe kwenye kalenda. Homa yoyote katika miezi 3 ifuatayo, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na kabla hujaulizwa sema: "Nilikuwa Diani." Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha kitu na homa ikaendelea, rudi upimwe tena. Malaria hutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Ikicheleweshwa hupanda kichwani, na huua.