MKAA WA KOPO NI GHALI KULIKO WA GUNIA

Mara nyingi maskini hulipa zaidi kuliko tajiri kwa moto ule ule. Mwenye mshahara wa mwezi hununua gunia zima la mkaa, au hujaza mtungi wa gesi. Mwenye kibarua cha siku hununua kopo moja leo na jingine kesho. Jumlisha makopo yote ya gunia moja, utaona ametoa fedha nyingi kuliko mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa haba na haba humaliza mfuko.

Mwezi wa Mei 2024, Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi, kama vile gesi na umeme. Jambo hilo ni jema. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Misitu nayo yateketea.

Lakini jema lataka haki. Mtungi wa kilo 6 haujazwi kwa fedha ya kopo. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika gesi mwaka 2016, ikairudisha mwaka 2021, ikaiondoa tena mwaka 2023. Kodi ya namna hiyo humwuma kwanza yule anayehesabu senti.

Njia zipo. Dar es Salaam na Nairobi zimekwisha kutumika mita zinazofungwa kwenye mtungi, mtu akalipia gesi kidogo kidogo, kama alivyolipia mkaa. Akina mama nao waweza kucheza upatu, wakajaziana mitungi kwa zamu.

Wala tusimsahau mchoma mkaa, kwani naye ana watoto wa kulisha. Wilayani Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji vilianza kutenga sehemu ya msitu wao, mkaa ukachomwa kwa mpango, miti ikaachwa ichipue tena. Ushuru ukabaki kijijini kwa kazi za maendeleo.

Basi, kabla ya kumlaumu jirani kwa jiko lake la mkaa, tuulize kwanza: akiliacha leo, jioni atapikia nini, na kwa fedha gani?