Nyumba za mawe: kompyuta hupima, fundi ndiye ajuaye

Mtu akipita leo katika vitongoji vipya vya Mombasa, Malindi au hata Lamu, hatachukua muda kuona kwamba watu wa pwani wameanza tena kupenda mambo ya kale. Nyumba iliyomalizika jana kwa matofali ya saruji na bati itatiwa mlango wa nakshi, dirisha litawekewa upinde, na sebuleni vitakatwa zidaka viwili vitatu vya kuwekea saa na televisheni. Wachoraji wa majumba huvichora vitu hivyo kwa kompyuta, na zipo mashine zinazoongozwa na kompyuta hiyo hiyo ambazo huchonga ubao wa mlango kwa saa chache, kazi ambayo fundi wa patasi angeitoa kwa wiki kadhaa. Jambo hili limewafurahisha wengi. Mimi limenifurahisha nusu.

Nasema nusu kwa sababu kinachonakiliwa ni uso. Mlango na zidaka ndivyo vitu ambavyo mgeni huviona kwanza na kuvipiga picha, lakini havikuwa ndiyo nyumba. Wazee wetu waliojenga Mkomani miaka mia mbili na zaidi iliyopita hawakuanza na nakshi. Walianza na masuala matatu: mtu wa nje asione ndani, hewa ipite, na ukuta uishi katika nchi ya chumvi na mvua.

Hebu tuingie pamoja katika nyumba moja ya Lamu, ndugu msomaji. Nje pana daka, lenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto, na hapo ndipo mgeni wa kiume hupokewa na mazungumzo hufanyika. Ukivuka mlango huoni kitu ila ukuta. Njia inakata kona kwanza, ndipo ufike kiwandani, ua ulio wazi juu. Mlango waweza kuachwa wazi mchana kutwa na mpita njia asimwone mtu yeyote wa nyumba hiyo. Kutoka kiwandani unapanda kidato uingie msana wa tini, unapanda tena msana wa yuu, kisha ndani, ambako ukuta mzima umejaa zidaka vilivyochongwa katika chokaa. Kila hatua unayokwenda mbele ndivyo chumba kinavyozidi kuwa cha watu wa karibu, na ndivyo mwanga unavyopungua. Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Wageni wengi hudhani hiyo ilikuwa desturi tu ya watu wa Lamu. La. Huo ndio upana unaobebwa na boriti ya mkoko bila kupinda chini ya uzito wa sakafu ya mawe na chokaa. Mti wa pwani ndio uliokata kipimo cha chumba.

Sasa chukua ramani ya nyumba mpya, iliyochorwa kwa kompyuta yenye nguvu kuliko zote mjini. Mlango wa nakshi upo, tena mzuri. Ufungue: umetazamana moja kwa moja na sebule, na nyuma ya sebule mlango wa jikoni. Mama wa nyumba atundike pazia zito, na pazia likizuia macho huzuia na upepo, basi inunuliwe mashine ya baridi na bili ya umeme ije. Kosa si la kompyuta. Kompyuta haikuambiwa neno sitara, na aliyekuwa akiichora nyumba hakulifikiria.

Suala la ukuta nalijua kwa uchungu zaidi, kwa kuwa limeingia katika nyumba yetu wenyewe. Tuna nyumba ya urithi Mkomani, ya mababu wa upande wa baba, na warithi tuko kumi na mmoja. Katika miaka ya 1990 ukuta wa upande wa barabara ulikuwa ukimomonyoka, na mkandarasi mmoja akashauri upakwe saruji ndani na nje, utakuwa, alisema, mgumu kama chuma. Ukapakwa. Miaka ishirini haikupita, saruji ilianza kubanduka kwa mabamba, nyuma yake matumbawe yamegeuka unga, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vimeoza hata ungeweza kuvichimba kwa kijiko.

Fundi mmoja mzee wa Langoni, niliyemwita aje atazame, alisimama kimya kitambo akaligonga lile bamba kwa kifundo cha kidole.

“Mwanangu,” akasema, “ukuta wa mawe na chokaa hutoka jasho kama mtu. Huu mmeuziba pumzi.”

Maneno yake ndiyo yale yale yanayosemwa na wataalamu wa kuhifadhi majengo, ila wao husema kwa urefu. Tumbawe ni jiwe la baharini, lina vitundu na lina chumvi. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kuingia kwa mvua. Ukuta uliopakwa chokaa huutoa unyevu huo polepole ukakauka. Saruji haiupitishi. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji na kuisukuma hata ibanduke, na mti uliomo ukutani huoza. Chokaa yetu ilichomwa kwa tanuu la kuni na matumbawe, ikamwagiwa maji, ikaachwa ilale miezi kabla ya kutumiwa. Ni kazi ya subira, na ndiyo sababu mfuko wa saruji, unaokauka usiku mmoja, uliishinda kwa urahisi namna ile.

Hapo ndipo nilipoiona faida ya kweli ya vyombo vya kisasa. Vijana wawili waliosomea uchoraji wa majumba, mmoja wao mtoto wa jirani, walikuja na chombo kidogo juu ya miguu mitatu, kinachozunguka na kurusha miale ya mwanga. Mwale ukigonga ukuta hurudi, na chombo hujua umbali wake. Hufanya hivyo mara maelfu mengi kwa kila sekunde. Nukta zote hukusanywa katika kompyuta mpaka nyumba nzima inasimama kwenye kioo, kila kidaka na kila ufa, kwa kipimo cha milimita. Kazi ile iliwachukua siku mbili. Tuligundua jambo ambalo macho yetu hayakuliona katika maisha yetu yote: ukuta wa barabara umelalia nje, na sakafu ya ghorofani inaufuata. Shangazi yangu, aliyezaliwa katika chumba kile kile, aliitazama nyumba yake ikizunguka kwenye kioo bila ya paa, akasema, “Haya, na leo mmenivua na buibui.” Tukacheka, lakini nadhani alikuwa amesema kweli; picha kama ile haifai kuachwa ovyo ikatembea mikononi mwa watu.

Kazi ya namna hii si ngeni katika pwani yetu. Mwaka 1975 Usam Ghaidan alichapisha kitabu chake juu ya mji wa Lamu, chenye michoro ya nyumba zilizopimwa kwa mkono, na hadi leo mafundi na wasomi wanakirudia. Katika karne hii watu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima kwa miale majengo ya Lamu na magofu ya Kilwa Kisiwani. Na tusidhani kwamba kupima ni anasa. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Jengo likishaanguka, aliyekuwa na vipimo ana kitu mkononi. Asiyekuwa navyo ana picha za posta.

Je, kitu kilichopotea kabisa chaweza kurudishwa? Wengi wetu tunalijua jibu bila kujua kwamba tunalijua. Mimbari ya Msikiti wa al-Aqsa, iliyotengenezwa Halab kwa amri ya Nuruddin Zangi na kupelekwa Baitul Maqdis na Salahuddin baada ya kuukomboa mji mwaka 1187, iliteketezwa kwa moto uliotiwa makusudi tarehe 21 Agosti 1969. Vilisalia vipande vichache na picha. Ilikuwa imeunganishwa kwa maelfu ya vipande vya mti vilivyopachikana, na siri ya mpachikano ule ilikuwa imepotea pamoja na mafundi wake. Aliyeifumbua alikuwa mhandisi, Minwer al-Meheid, aliyekaa na zile picha akitafuta hesabu ya maumbo yake. Michoro ikapatikana, mafundi wa nchi mbalimbali wakakusanywa Jordan, na mwanzoni mwa mwaka 2007 mimbari mpya, yenye vipande zaidi ya elfu kumi na sita, ikawekwa mahali pa ile ya zamani. Hesabu ilirudisha mchoro. Patasi ikarudisha mimbari.

Na waliojaaliwa kufika Madina wameona ajabu ya pili. Katika upanuzi wa Msikiti wa Mtume, salallahu alayhi wasallam, yako makuba 27 yanayoteleza. Jua likipungua ukali, kuba hujisogeza pembeni juu ya reli na mbingu huonekana. Joto likizidi hurudi likafunika. Kila moja lina uzito wa tani 80 hivi. Mpango wake ulifanywa kwa kompyuta na watu wa Bodo Rasch, Mjerumani aliyesilimu, lakini ukiinua macho unachokiona ni mti wa mwerezi uliochongwa kwa mikono ya mafundi wa Morocco. Nilipokaa chini yake sikufikiria reli wala mota. Nilifikiria kiwanda cha nyumba yetu, ua ulio wazi juu, kwa kuwa suala ni lile lile: kuipata mbingu bila kuchomwa na jua.

Mfano huo ndio ningependa wachoraji wetu vijana waufuate. Leo zipo programu za kujaribu nyumba kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa: mchoraji huiambia kompyuta pepo za kusi na kaskazi zinavuma kutoka wapi, jua linapita wapi, ukuta una unene gani, nayo humwonyesha chumba gani kitawaka saa nane mchana. Kwa nini chombo kama hicho kitumiwe kuchora upinde tu? Mpeni ua wa katikati, mlango unaokata kona na ukuta mnene. Wala sidai kila mtu ajenge kwa matumbawe. Matumbawe ni mali ya bahari na hayapaswi kuchimbwa ovyo. Boriti nazo si za kuchezea. Zilikatazwa kusafirishwa nje mwaka 1982, na marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwagusa wakataji mikoko wa Lamu pia. Nyumba ya saruji yaweza kuwa na sitara na upepo. Na kwa kuwa nondo hubeba upana mkubwa kuliko boriti, chumba chaweza kupanuliwa bila kuiharibu ile safari ya kutoka darini kwenda ndani, namaanisha kutoka daka hadi ndani, hatua kwa hatua.

Lakini nyumba kongwe ni habari nyingine, na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya jamaa zangu hawatalipenda. Lamu ilipoandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, bei za nyumba zilikuwa zimekwisha kupanda. Wageni kutoka Ulaya wamenunua nyingi, Lamu na Shela, na wengi wao wamezitengeneza vizuri, kwa chokaa, kwa mikono ya mafundi wale wale ambao sisi tuliwaacha tukakimbilia saruji. Nyumba zimepona. Wenye nyumba wamehamia bara na Mombasa. Binamu yangu mmoja anataka na yetu iende njia hiyo, na hoja yake si ya kipuuzi: fungu la mtu mmoja katika kumi na moja halimjengei mtu hata jiko, na matengenezo ni ghali.

Tulikutana warithi wote, waliokuwapo na waliosikiliza kwa simu. Vile vipimo ndivyo vilivyobadilisha mazungumzo, maana kwa mara ya kwanza tuliweza kuonyeshana ni ukuta upi ulio hatarini na upi ungali imara, na gharama ikagawika kwa miaka badala ya kuja yote kama mlima. Binamu hakukubali kuacha kuuza. Amekubali kungoja.

Tutaanza na chumba cha ndani. Saruji itabanduliwa, vichwa vya boriti vilivyooza vitabadilishwa, na zidaka vilivyovunjika vitachongwa upya kwa kufuata vipimo vya wale vijana. Fundi wa Langoni alitoa sharti moja tu, kwamba vijana hao wawili washike mwiko pamoja naye tangu siku ya kwanza, wala wasikae kwenye kompyuta yao wakimtazama. Wamekubali. Chokaa imekwisha kulazwa shimoni nyuma ya nyumba, imefunikwa kwa makuti, na mzee amekataa iguswe mpaka vuli ipite.