Sikukuu Maji Yakipungua Nakuru

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 Wakenya walipewa sikukuu ambayo haikuwamo katika kalenda. Serikali ilitangaza kwamba siku hiyo iwe ya kupanda miti na ya kuwakumbuka watu zaidi ya 200 ambao walikuwa wamekwisha kupoteza maisha katika mafuriko ya masika ya mwaka huo. Taifa lilikuwa limepumzishwa kazini kwa ajili ya miche hapo awali, tarehe 13 Novemba 2023. Safari hii, hata hivyo, sikukuu na matanga vilifungwa katika furushi moja, na kila mmoja akaachiwa alifungue apendavyo.

Mimi nilikuwa Nakuru. Mvua ilikuwa imeanza kulegea, na jua, ambalo tulikuwa karibu kulisahau, liliwatoa watu majumbani. Katika bustani ya Nyayo watoto walikimbizana huku wazazi wakinunua njugu. Moshi wa nyama choma ulitanda mapema kuliko kawaida. Shule zilikuwa hazijafunguliwa, kwani ufunguzi wa muhula ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya mvua hiyo hiyo. Basi jiji lilijaa vijana wasio na la kufanya.

Jamaa mmoja niliyeketi naye alilalamika kwamba huo ulikuwa utovu wa adabu. Yawezekanaje, aliniuliza, watu wale nyama ilhali katika kaunti hii hii wenzao wa Mai Mahiu walikuwa bado wanatafuta maiti matopeni? Tarehe 29 Aprili, kabla ya mapambazuko, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka katika mtaro ulio chini ya njia ya reli yalipasua kizuizi na kuwazoa watu usingizini. Waliokufa walizidi 45. Isitoshe, mkesha wa sikukuu yetu ulitimiza miaka sita tangu bwawa la Solai livunje kingo zake usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto.

Sikukubaliana naye. Mtu aliyeshinda wiki sita akisikiliza mabati yakipigwa na mvua ana haki ya kuota jua, na muuza njugu naye ana watoto wa kulisha. Furaha ya mjini haimwongezei maji mtu wa Mai Mahiu. Jambo linaloniudhi mimi ni usahaulivu, ambao huanza pale hasa maji yanapoanza kupungua. Matope yakikauka, kamati huvunjwa, mahema hung'olewa, na mjenzi hurudi na kamba yake kupima msingi pale pale palipozolewa.

Tena kupungua kwenyewe kuna namna mbili, na watu wa jijini hatuzitofautishi. Mto hushuka kwa siku chache. Mto Njoro, utokao mashariki ya Mau, huweza kufurika jioni na kunyong'onyea kesho yake. Ziwa Nakuru ndilo limpokealo mgeni huyo, na ziwa hilo halina mto wa kutokea: maji yakiingia hayana njia ila kupaa kwa jua. Ndiyo maana mvua kubwa za mwongo mmoja hukaa humo miaka na miaka. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanuka kutoka kilomita za mraba zipatazo 40 hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa, pamoja na ofisi zilizokuwa karibu nalo. Migunga mikubwa ilikufa ikiwa imesimama majini. Magadi yalipozimuliwa, vijani ambavyo heroe hula vilipungua, na ndege hao wengi wakahamia Bogoria na kwingineko.

Ajabu ni kwamba jina Nakuru, kama wasemavyo wajuzi wa Kimaasai, maana yake ni mahali penye vumbi. Wala jina hilo halikosei, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka, upepo ukapeperusha magadi meupe hadi mitaani. Ukipanda Hyrax Hill, mahali ambapo Mary Leakey alichimbua mwaka 1937, utaambiwa kwamba maelfu ya miaka iliyopita maji yalifika hapo. Ziwa hili lina tabia ya kwenda na kurudi. Sisi ndio tuliolichorea mpaka katika mwaka wa ukame na kuugawa ufuo kwa hati.

Mchana nilinunua mche wa mkuyu, nikaenda nao Baruti, upande ambao mashamba yanapakana na maji. Mzee mmoja alinikaribisha. Maji ya mvua yalikuwa yametoka uani mwake juzi yake, yakaacha mstari wa matope ukutani, kimo cha goti. Ya ziwa yalikuwa pale pale, nyuma ya choo. Alinieleza kwamba ana hati ya shamba zima, lakini sehemu ya shamba hilo ina viboko kwa miaka kadhaa sasa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "leo ni siku ya kupanda."

"Nimesikia redioni," akajibu. "Lakini nipande wapi, mwanangu? Nikiupanda kule chini, wataniambia ni ardhi ya ziwa. Nikiupanda huku juu, hapa ndipo nitakapohamishia jikoni maji yakirudi. Nionyeshe mpaka, nitachimba sasa hivi."

Nilitazama ng'ambo. Katika maji tuli mistari ya nguzo za ua ilionekana ikiteremka na kutoweka, na zaidi ya hapo migunga iliyokufa, meupe kama mifupa. Watalii huipiga picha sana migunga hiyo, na kweli jua likiwa linazama hupendeza. Hakuna mpimaji aliyepata kuja, mzee alisema, ingawa madalali wamekwisha kufika mara mbili wakiuliza bei ya sehemu iliyo majini, kwa matumaini kwamba itakauka.

Aliupokea mche kwa mikono miwili, akautia katika kopo la rangi lililotobolewa chini, akauweka kizingitini.