Utulivu wa moyo hutafutwa pamoja na wenzako

Mtu anapougua malaria, jamaa zake humpeleka hospitali bila kuulizana mara mbili. Lakini anapokosa usingizi wiki nzima kwa sababu ya mawazo, anapowafokea watoto ovyo, au anapohisi kifua kimebana ilhali daktari hakuona kasoro yoyote moyoni, aghalabu huambiwa ajikaze. Kujikaza si tiba.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 ulimwenguni, yaani mtu mmoja kati ya kila wanane, walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili. Hapa Kenya, jopo lililoundwa na serikali kuchunguza suala hili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Mjini Mombasa si vigumu kuona mawazo hayo yanakotoka. Chukua mfano wa Mwakirunge, wadi iliyo pembezoni mwa Kisauni. Ni mahali pa mashamba na minazi, lakini pia ndipo lilipo jaa la taka za mji. Baada ya jaa la Kibarani kufungwa mwaka 2018, mzigo mkubwa zaidi ulihamia huko, na wenyeji wamelalamika mara nyingi juu ya harufu na moshi wa taka zinazochomwa. Ongeza hapo nauli ya kwenda mjini, karo za shule na vibarua visivyo na uhakika. Mwenye nyumba wa huko ana kila sababu ya kukesha.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kutuliza moyo ambayo haihitaji pesa, nayo ni taamuli, hasa ile iliyotokana na dini ya Kibudha. Kadhalika yanaeleza jambo ambalo wengi wanaoijaribu hulisahau: tangu mwanzo, njia hii ilikuwa shughuli ya watu walioshikana mikono, si ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani.

Taamuli ni nini?

Miaka ipatayo 2,500 iliyopita, katika nchi zinazoitwa leo India na Nepal, aliishi Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Budha, maana yake aliyeamka. Alifundisha kuwa sehemu kubwa ya mateso ya binadamu hutokana na akili inayong'ang'ania yaliyopita au kuyakimbilia yajayo. Dawa mojawapo aliyoitoa ni kuizoeza akili kukaa na jambo moja lililopo sasa. Jambo lililo karibu zaidi na kila mtu ni pumzi yake.

Kufanya taamuli, basi, si kuifuta akili ikawa tupu, wala si kulala usingizi. Ni kukaa ukiwa macho, ukaitazama pumzi ikiingia na kutoka, na kila mara akili inapotoroka ukairudisha bila kujilaumu. Huko kurudisha ndiko zoezi lenyewe. Akili iliyotoroka mara 50 ikarudishwa mara 50 imefanya kazi nzuri.

Si jambo geni Afrika Mashariki

Wapo wanaodhani kuwa haya ni mambo ya mbali. Jijini Dar es Salaam, Wasinhala waliotoka Sri Lanka kuja kufanya kazi waliunda chama chao cha Kibudha mwaka 1915. Hekalu lao lipo hadi leo, na ni kituo cha taamuli pia.

Nchini Uganda yupo mtawa Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda India mwaka 1990 kusomea biashara, akakutana huko na watawa wa Kibudha. Alitawazwa kuwa mtawa mwaka 2002 huko California, Marekani, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda, katika eneo la Garuga karibu na Entebbe. Mamake mzazi alikuwa miongoni mwa waliomfuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba kituo hicho hakikuishia kwenye mikeka ya kukalia. Kilichimba kisima na kuwapa majirani maji safi. Kwa mafundisho hayo, moyo uliotulia hutazamiwa uonekane katika matendo kwa jirani.

Mwilini hutokea nini?

Mtu mwenye hofu hupumua harakaharaka kwa kifua cha juu. Mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, misuli hukaza na tumbo huvurugika. Hali hiyo ni msaada mkubwa ukikimbizwa na mbwa. Lakini deni la karo halikimbizi kwa dakika tano likaisha. Hukaa miezi, na mwili ukabaki katika hali ya vita siku zote.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akipumua polepole, na hasa akirefusha pumzi ya kutoka, ile mishipa ya fahamu inayotuliza mwili hufanya kazi zaidi, mapigo ya moyo hupungua na misuli hulegea.

Madaktari wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa, akitumia taamuli za Kibudha bila ya maneno ya dini. Mwaka 2014, watafiti waliokusanya majaribio 47 yenye watu 3,515 walikuta kuwa taamuli hupunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu. Lakini hawakuona kuwa inashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Jaribio lingine lililotolewa mwaka 2022, lenye watu 276 waliosumbuliwa na wasiwasi, lilionyesha kuwa mafunzo ya wiki nane yaliwasaidia karibu sawa na dawa ya escitalopram.

Kwa ufupi, taamuli si muujiza, na wala si upuuzi.

Jinsi ya kuanza

Chagua saa moja maalumu kila siku, kwa mfano alfajiri kabla ya watoto kuamka. Dakika 10 zatosha.

Kaa juu ya mkeka, kigoda au kiti. Nyosha mgongo bila kuukaza, weka mikono mapajani, na ufumbe macho au uyainamishe chini.

Pumua kwa pua kama kawaida. Hesabu kila pumzi inapotoka, moja hadi kumi, kisha uanze tena. Ukipotea katika hesabu, rudi kwenye moja.

Mwishoni, tumia dakika mbili kuwatakia heri watu wanne: wewe mwenyewe, mtu umpendaye, mtu usiyemjua vizuri, kisha yule mliyekosana. Wabudha huiita metta, yaani upole wa moyo. Huyo wa nne ndiye mgumu, basi usimlazimishe moyoni siku ya kwanza.

Kwa wakazi wa Mwakirunge na wengine waishio karibu na jaa, lipo onyo muhimu. Usifanye zoezi la pumzi wakati moshi wa taka umetanda. Moshi huo hubeba chembechembe zinazoingia ndani ya mapafu, na kuvuta pumzi ndefu ni kuzidisha madhara, hasa kwa mwenye pumu na kwa watoto. Ngoja upepo ugeuke, au uende mahali penye hewa safi. Siku ikiwa mbaya, keti ndani ukazingatie sauti unazozisikia au mguso wa viganja vyako badala ya pumzi. Mafundisho ya Kibudha yana njia hizo pia, pamoja na taamuli ya kutembea polepole, hatua kwa hatua.

Kwa nini pamoja?

Wengi huanza zoezi hili kwa bidii, na baada ya wiki mbili wakaliacha. Si kwa uvivu. Akili iliyochoka haiwezi kujisukuma yenyewe kila siku. Wabudha walilitambua hilo zamani. Mbudha hutaja kimbilio tatu: Budha, mafundisho yake, na sangha, yaani jumuiya ya wanaoifuata njia hiyo. Jumuiya imewekwa sambamba na mwalimu mwenyewe.

Thamani ya kusikilizana imeonekana pia katika utabibu wa Afrika. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha akina nyanya wa mtaani kuketi kwenye benchi na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo. Hiyo si taamuli, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipungukiwa na dalili za huzuni kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Watu wa Pwani hawahitaji kuanza mwanzo. Vyama vya akina mama vya kuchangiana pesa vipo, na baraza za jioni zipo. Kundi la watu watano hadi kumi laweza kukubaliana kukaa kimya dakika 15 kabla ya kuhesabu michango. Kisha kila mmoja apewe nafasi ya kusema yaliyomsibu wiki hiyo, wengine wasikilize bila kumkatiza wala kumpa mawaidha asiyoyaomba. Sharti ni moja: yaliyosemwa hapo yabaki hapo. Pasipo siri hapana utulivu.

Je, nitaiacha dini yangu?

Hili huulizwa na Waislamu na Wakristo sawasawa, na ni swali la haki. Kuzingatia pumzi, kama kunavyofundishwa hospitalini, hakudai shahada wala sala ya dini nyingine. Sala na taamuli ni vitu viwili: katika sala mja humwelekea Mungu wake, katika zoezi hili mtu huitazama hali yake mwenyewe. Mwenye shaka amuulize sheikh au kasisi wake kabla ya kuanza, kwani zoezi linalofanywa kwa wasiwasi halimtulizi mtu.

Tahadhari

Taamuli haichukui nafasi ya dawa. Usiache vidonge vya presha, sukari au maradhi ya akili kwa kuwa umeanza kuona nafuu. Wapo watu wachache ambao kukaa kimya huwaamshia kumbukumbu za mateso au huwazidishia hofu. Mtu wa namna hiyo aache na amwone mhudumu wa afya. Kozi za siku 10 za ukimya mtupu hazimfai mtu anayeanza, sembuse aliyewahi kurukwa na akili.

Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, asiyekula wala kulala, au anayefikiria kujitoa uhai, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Port Reitz huko Changamwe ina kitengo cha maradhi ya akili, na Hospitali Kuu ya Pwani pia huwapokea wagonjwa wa dharura. Asiachwe peke yake njiani wala nyumbani.

Na mtu akikutoza maelfu ya pesa akidai kukuuzia siri ya utulivu, mkimbie. Pumzi haiuzwi.

Mwisho, kutulia si kunyamaza. Moshi wa jaa hauondoki kwa sababu jirani zake wamejifunza kupumua vizuri, na karo haijilipi. Lakini aliyelala usingizi wake usiku huamka na nguvu ya kwenda kwenye mkutano wa wadi akatoa hoja zake kwa mpango, akasikilizwa, na asipojibiwa akarudi tena wiki ijayo pamoja na wenzake.