Ipime Saa Kabla Haijakupima

Kijana aliyekubali kunivalia saa yangu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye magunia ya dagaa, akitoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. “Kaka, haitaharibika na jasho hii?” aliuliza huku akiigeuzageuza mkononi. Nikamhakikishia kwamba haitaharibika. Tukaianza safari, yeye akisukuma, mimi pembeni nikihesabu hatua zake kimoyomoyo. Nilipofika mia tano nikamwomba asimame. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho na mishipa ya shingo imemtoka. Saa ilikuwa haijafikisha hata hatua mia mbili.

“Ina maana muda wote nilikuwa nimekaa?” aliuliza. Hakuwa anatania, na swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Saa janja na mikanda ya mazoezi siku hizi unaiona mikononi mwa wakimbiaji wa alfajiri pale Capri Point, maofisini, na hata kwenye daladala za Buhongwa. Wengi wetu huchagua kwa kutazama kioo na bei. Kitu cha kwanza cha kutazama ni mwili wako mwenyewe: unafanya kazi gani kutwa nzima, na unataka saa ikujibu swali lipi?

Mkono usiopunga

Saa ile haikuwa mbovu. Ndani yake mna kifaa kiitwacho akselerometa, kidogo kuliko punje ya mchele. Ni kipande cha silikoni kilichoshikiliwa na springi nyembamba mno. Mkono ukienda kasi au ukisita, kipande hicho husogea kidogo sana, na umeme unaokizunguka hubadilika. Programu ya saa husoma mabadiliko hayo ikitafuta mdundo wa mkono mbele, mkono nyuma. Ikiupata, huandika hatua. Mikono ya kijana yule ilikuwa imeshika mpini wa mkokoteni, imetulia kama nguzo. Miguu ilitembea lakini saa haikuwa na habari nayo.

Tulipoihamishia kwenye kifundo cha mguu, barabara ile ile, hesabu yake na yangu zikakaribiana. Tatizo hilo humpata pia mama aliyeshika beseni la sato kichwani kwa mikono miwili, na mzazi anayesukuma kigari cha mtoto. Kinyume chake nacho hutokea: ukipanda bodaboda kwenye njia ya mashimo, mtikisiko unaweza kukuandikia hatua ambazo hukuzipiga.

Kwa hiyo, kama kazi yako hushikilia mikono, tafuta kifaa kinachoweza kubanwa kiunoni au kuvaliwa mguuni. Na kama una simu janja, jua kwamba nayo ina akselerometa. Ikiwa kwenye mfuko wa suruali hupanda na kushuka na paja, hivyo huhesabu vizuri hata kwa msukuma mkokoteni. Ikiwa imelala ndani ya mkoba mezani, hatua zako zote zinapotea.

Elfu kumi ilitoka wapi?

Saa nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimekuwekea lengo la hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikuzaliwa maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya saa ya Yamasa huko Japani ilitoa kipima hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa zuri kwa biashara, likasambaa dunia nzima.

Utafiti umekuja baadaye. Mwaka 2022 jarida la Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 15 kutoka mabara kadhaa. Kwa waliofikisha miaka 60 na zaidi, hatari ya kufa mapema iliendelea kupungua kadiri hatua zilivyoongezeka, kisha ikatulia kwenye hatua kati ya 6,000 na 8,000. Kwa walio chini ya umri huo ilitulia kati ya 8,000 na 10,000. Bibi anayefikisha 6,000 asijione mvivu kwa sababu saa haijampigia makofi.

Na Mwanza hatua hazilingani. Anayeishi juu ya miamba ya Mabatini, Igogo au Bugando anapanda mawe na ngazi kila anaporudi nyumbani, na hatua mia moja za mlima huo zinamlipisha moyo kuliko mia moja za tambarare ya barabara ya Makongoro. Saa yenye barometa, yaani kipima mgandamizo wa hewa, inaweza kulitambua hilo. Katika mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100, mgandamizo wa hewa hupungua kwa takriban milibari moja kila unapopanda mita 10. Ila barometa hiyo hiyo husikia pia hali ya hewa: mvua ya radi ikivuma kutoka ziwani, mgandamizo hubadilika, na saa inaweza kudhani umepanda au umeshuka ilhali umejibanza barazani.

Mwanga wa kijani na ngozi yetu

Geuza saa uangalie upande wake wa chini. Utaona taa ndogo za kijani zikimeta. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye vijishipa vya chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo, mwanga huongezeka tena. Saa huhesabu kupungua na kuongezeka huko.

Melanini, inayoipa ngozi yetu weusi wake, nayo hufyonza mwanga wa kijani. Kwa hiyo swali la kama saa hizi zinatufaa sisi ni swali la haki kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilipima kwa watu 53 wenye rangi mbalimbali za ngozi na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Kwenye mapigo ya moyo hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi na rangi. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya saa na saa, na kati ya kutulia na kutembea: mwili ukiwa kwenye shughuli, makosa yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 30 kuliko ulipotulia. Hivyo kaza mkanda kiasi, uvae saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, na namba ya moyo uiamini zaidi ukiwa umetulia.

Oksijeni ni habari nyingine. Mwaka huo huo wa 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilionyesha kwamba hata vipimo vya hospitali vinavyobanwa kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha wodini hukosea hivyo, mtu anayehema kwa shida asibaki nyumbani kwa sababu saa imemwandikia asilimia 97.

Kalori, na somo la Wahadzabe

Namba inayopendwa kuliko zote ni kalori, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walizijaribu saa saba kwa watu 60. Sita kati ya hizo zilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilofika asilimia 5. Kwenye kalori, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93.

Sababu mojawapo unaipata hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Watu wa jamii ya Wahadzabe, inayoishi kwa kuwinda na kuchuma porini, walipovishwa vipima moyo walionekana kuwa na takriban dakika 135 za shughuli za kutosha kuuchangamsha moyo kila siku, wakati Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki nzima. Lakini mtafiti Herman Pontzer na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waligundua kwamba jumla ya nishati wanayotumia Wahadzabe kwa siku, ukishazingatia ukubwa wa miili yao, hailingani na jasho lao: ni sawa na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili una namna yake ya kubana matumizi. Saa inayojumlisha kalori kama muuza duka haijui mwili umebana wapi. Usile chapati ya pili kwa ruhusa yake.

Nani achukue ipi?

Anayetaka kutembea zaidi tu anatosheka na mkanda rahisi wenye betri ya kukaa wiki, au simu aliyonayo tayari.

Anayejiandaa na Rock City Marathon anahitaji GPS ya ndani ya saa, kwa ajili ya umbali na mwendo, akijua kwamba GPS hula betri haraka. Akitaka kufuata mapigo wakati wa kukimbia, mkanda wa kifuani ni bora, kwa kuwa husoma umeme wa moyo wenyewe badala ya mwanga unaorudi.

Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na hupumzika siku za mbalamwezi. Huyu atafute saa isiyopitisha maji na yenye betri ndefu, maana kambi nyingi za visiwani hazina umeme wa uhakika. Aulize kabla ya kulipa kama saa hiyo hutambua usingizi wa mchana, kwani baadhi zimetengenezwa zikidhani kila mtu hulala usiku. Jumla ya saa alizolala zinaweza kumfaa; mgawanyo wa usingizi mzito na mwepesi auchukulie kama makadirio, maana kipimo chake halisi ni mawimbi ya ubongo.

Na mwenye presha au kisukari asinunue saa kwa ahadi ya kupima magonjwa hayo. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa sababu haikuwa imeidhinisha hata moja ya aina hiyo. Presha ipimwe kwa mashine yenye mkanda wa kujaza upepo, na dawa zisibadilishwe kwa neno la saa.

Dukani, kabla ya kutoa hela

Ukiwa dukani, piga hatua mia moja ukihesabu kwa sauti, kisha linganisha. Halafu kaa utulie, weka vidole viwili kwenye mshipa ulio chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika moja, ulinganishe tena. Mwisho, ifunge saa kwenye taulo lililoviringishwa. Baadhi ya saa hulipatia taulo mapigo ya moyo, kwa kuwa mwanga hurudi kutoka kwenye kitu chochote na programu hulazimisha mdundo. Ukiliona hilo kwa macho yako hutasahau kwamba namba kwenye kioo ni dai linalohitaji ushahidi.

Kijana wa mkokoteni alinirudishia saa tulipofika kwenye lori. “Sasa nikipata hela ninunue ipi?” akauliza.

“Mdogo wangu, hatua za kutembea unazo tayari,” nilimwambia. “Wewe ungefaidika kujua mapigo yako asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakipanda siku kadhaa mfululizo, huenda mwili umechoka, au una homa inayonyemelea.” Nikamwonyesha pa kuweka vidole.

Akaegemea gunia, akafumba macho katikati ya kelele za wapakiaji, midomo ikihesabu. Nilimwambia dakika imekwisha. “Themanini na nne,” akasema. Nikaitazama saa kwenye mkono wake wa pili, ambako nilikuwa nimemrudishia tena aivae. Ilisema themanini na tano.