Kutia Dawa Barabara ya Lami

Magari mazito huichakaza barabara ya lami, lakini jua na maji huiharibu pia. Jua huikausha lami hata ikapasuka. Kisha mvua huingia katika nyufa na kulainisha msingi ulio chini, na malori yapitapo mashimo hutokea.

Mafundi wana dawa kadhaa za kuziba uso wa barabara. Huweza kumimina lami ya moto katika nyufa. Au kupaka uji wa lami na mchanga. Au kumwaga lami, kutandaza kokoto ndogo juu yake, na kuzishindilia kwa rola. Je, ipi iliyo bora?

Katika mwaka 1990 wahandisi wa Marekani na Kanada walianza kuzijaribu dawa hizo mahali 81. Kila dawa ilipewa kipande chake cha barabara, na kipande kimoja kikaachwa bila dawa ili kiwe cha kulinganishia. Hesabu ya sehemu za kusini iliyotolewa mwaka 1999 ilionyesha kwamba kokoto zilishinda dawa nyingine katika kuzuia ubovu usirudi. Tena, vipande vilivyokuwa vibovu kabla ya kutiwa dawa vilielekea kuharibika mara 2 hata 4 kuliko vilivyokuwa vizima.

Hapo ndipo penye ugumu. Mlipa kodi aonapo rola juu ya barabara isiyo na shimo hata moja, na ile ipitayo mlangoni pake imejaa mashimo, hunung'unika, wala si ajabu. Lakini hiyo yake haiponi kwa kupakwa. Msingi ukiisha kulegea, sharti uchimbwe na kujengwa upya.