Nyuma Juu: Luku ya Datsun Pale Kasubi

Msee wa Nairobi akifika Kasubi, Kampala, huwanga na maswali mawili: makaburi ya wafalme wa Buganda iko wapi, na rolex, ile chapo ya mayai, ni ngapi. Mimi nilikuwa na la tatu: hii Datsun imeinua nyuma hivi inapigana na nani?

Ilikuwa imepaki kando ya Hoima Road. Datsun 1200, machungwa imeiva, pua imelala, nyuma imesimama kama jogoo amesikia mwenzake akiwika mtaa wa pili. Mwenyewe ni beshte yangu, kijana wa hapo Kasubi. Kiswahili yake aliiokota Eastleigh akiuza nguo, ndio maana anabonga Sheng na Luganda kwa pumzi moja. Alinicheki nikiizunguka, akasema tu, "Gwe, usiguse. Bado tunapima."

Form yenyewe ni ya Marekani. Miaka ya 70, vijana wa kule wenye Mustang na Camaro walitaka tairi pana nyuma, so ikabidi bodi ipande ndio mpira usikwaruze fenda. Zile Mustang za kwanza, za kuanzia 1964, nyuma zilikalia springi za lifu, vile vyuma bapa vimepangwa kama chapo kwa sahani. Datsun 1200 ilitoka Japan 1970 na injini ya cc 1,171. Misuli hakuna, maze. Lakini nyuma iko na lifu zile zile, so hila ya Mustang inaingia hapo bila kubisha hodi.

Huku kwetu, hata hivyo, mzigo ndio ulianza kuinua gari, luku ikafuata. Cheki Probox za miraa kule Meru: zikiwa tupu zinatembea zikinusa lami, zikipakiwa zinakaa sawa. Kampala pia, toka ocha na matoke kwa buti bila kuinua nyuma, utaendesha ukiangalia mbingu, na taa zako zinachoma macho ya kila dere mnapishana. Halafu kuna mashimo. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alianzisha maonyesho mtandaoni, kila msee anaposti shimo la mtaa wake. Beshte yangu anasema yeye hakuposti. Aliinua gari.

Sasa, njia za kuinua ziko tatu. Ya kwanza ni shakli, kale kachuma kanashikilia mwisho wa springi kwa chesi. Weka ndefu zaidi na nyuma inapanda, lakini nusu tu: ukiongeza sentimita 4, bodi inapanda kama 2. Ya pili ni bloki, unaiweka katikati ya springi na ekseli, halafu unafunga na yubolti ndefu. Hiyo inakupa yote: bloki ya sentimita 5, nyuma juu sentimita 5. Ni chee, ni haraka, na hapo ndio ngori huanzia. Ya tatu ni kwenda kwa fundi wa springi aongeze lifu moja ama azipinde upya. Inakula doo, inakula siku.

Sisi tulianza na ya pili, na bloki yetu ilikuwa ya mbao. Usicheke. Tulienda Ndeeba, mbao ni kibao, tukachonga mbili, tukafunga, tukapiga picha. Luku ilikuwa moto. Tukashuka Masiro Road kama wafalme. Kabla hatujafika chini, steringi ilikuwa imekuwa nyepesi kama ya gari ya toi, na propela inalia chini ya viti kama ng'ombe mgonjwa. Tulisimama, tukaingia chini na tochi ya simu. Mbao imepasuka, yubolti imelegea, na paipu ya breki ya nyuma imevutika hadi unaweza kuipiga kama gitaa.

Hapo ndio nilielewa gari ni familia: ukisumbua mmoja, wote wanaamka. Nyuma ikipanda, pembe ya magurudumu ya mbele inabadilika, gari inaanza kutangatanga. Difu ikiangalia vibaya, propela inatetemeka. Shoki zinafika mwisho wa urefu wao. Pikapu kama Hilux ziko na ngori ingine: kuna valvu ya breki imeunganishwa na ekseli, inapima mzigo kwa vile bodi imekaa. Ukiinua bodi, hiyo valvu inadhani gari iko tupu, inapunguza breki za nyuma. Umepakia tani, gari inabrek kama haijabeba kitu.

Tuliishia Katwe, kwa mzee mmoja wa springi. Beshte yangu akainama kidogo akimsalimia, halafu akatoa ile mbao. Mzee aliigeuza mara mbili, akaweka kwa kuni za chai. Hakutumia moto kwa springi. Alizipinda kwa nyundo, zikiwa baridi, kidogo kidogo. Moto wa gesi, akasema, unaua ugumu wa chuma, wiki mbili springi imelala. Tukimharakisha anajibu "mpola mpola" na nyundo inaendelea.

Tukingoja, akatuuliza kama tunamjua Shekhar Mehta. Msee amezaliwa hapa Kampala 1945, Idi Amin akafukuza Waasia 1972, akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari Rally na Datsun 240Z. Akarudi kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote na gari za kampuni hiyo hiyo. "Zile gari ziliinuliwa," mzee akasema, "lakini kote, mbele na nyuma. Na hakuna mbao."

Kasubi yenyewe ingetufunza hiyo mpola mpola mapema. Nyumba kubwa ya makaburi, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua Machi 2010, na kuijenga tena ikachukua miaka zaidi ya kumi. Kuezeka nyasi ni mboka ya ukoo wa Ngeye, si ya kila mwenye ngazi. Watu walilalamika inachelewa. Lakini paa ya wafalme wanne huwezi kuifunga na yubolti.

Jumamosi tulirudi na Datsun sokoni Kasubi. Nyuma imepanda sentimita 4 pekee, paipu ya breki mpya, shoki ndefu. Mbogi ya gereji ikacheka: imeshuka! Beshte yangu hakujibu. Alifungua buti, akapakia mikungu sita ya matoke ya mathe wake, akafunga, akarudi nyuma hatua kumi.

Ndai ilikuwa imekaa sawa kama meza.

"Sasa piga picha," akaniambia.